UZI: Mama karudi kutoka tiba ya mafuta na maji moto, magoti yamelainika. Tumsaidieje asirudi kwenye hali ya zamani?

#1 BintiMwanakwerekwe

Assalaam aleikum jamaa. Mama ana miaka 73, magoti yote mawili daktari amesema gegedu limelika. Ana presha, anatumia amlodipine na losartan. Sukari hana. Amemaliza siku 21 kwenye kituo cha tiba huko Kerala, India: mafuta asubuhi, mvuke, maji moto, na mazoezi mepesi pamoja na fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Amefika juzi, na anapanda ngazi za mlangoni bila ya kushika ukuta. Alivyoondoka alikuwa akinyanyuliwa.

Sasa hapa nyumbani wageni wanaingia wanatoka, kila mtu anamwambia mama kaa, mama pumzika. Na kituo kimemwandikia ajitunze siku 21 nyengine. Naomba wenye ujuzi: aanze nini, kwa kiasi gani, na tuepuke nini? Wanaojua habari za Rustaq, kwenye chemchemi za maji moto, nao waseme, kwani shangazi anakwenda Oman mwezi ujao kwa ajili ya maji hayo hayo.

#2 Fizio_Chake

Wa aleikum salaam dada. Nianze na sababu, maana bila ya sababu wazee hawakubali, na wana haki.

Alichorudi nacho mama ni nafuu ya maumivu na viungo vilivyokuwa vimekaza kulegea. Nguvu hajarudi nayo. Mtu akisimama kwenye maji ya kiunoni hubeba kama nusu tu ya uzito wake, na yakimfika kifuani hubeba kama robo hadi theluthi. Ndiyo maana ndani ya birika la kuogea wazee hutembea vizuri. Mafuta na mvuke hayaupi msuli kazi yoyote. Msuli wa mbele wa paja, unaonyoosha goti, unataka kubeba mzigo ndipo ukue. Paja likiwa dhaifu, goti litauma tena mara tu mama atakaporudia ngazi na masafa.

Ufaransa, ambako tiba ya maji moto huchukua siku 18, walifanya utafiti kwa wagonjwa wa magoti ukachapishwa 2010. Makundi yote mawili yalipewa mazoezi ya kufanya nyumbani, na moja likaongezewa hizo siku 18 za maji. Baada ya miezi 6, karibu nusu ya waliopata maji na mazoezi walikuwa na nafuu ya maana. Waliofanya mazoezi peke yake ilikuwa zaidi kidogo ya theluthi. Kwa hiyo maji yanasaidia kweli, msiyadharau. Lakini hakuna aliyepelekwa kwenye maji kisha akarudishwa kukaa.

Na kukaa kuna gharama kubwa. Wazee wenye afya nzuri waliolazwa kitandani siku 10 kwa ajili ya utafiti huko Marekani walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Siku 10 tu, na hawakuwa wagonjwa.

Karatasi ya kituo isomeni tena kwa utulivu. Kwa kawaida wanakataza jua kali, safari ndefu, kukesha, kazi nzito na vyakula vizito. Kunyanyuka kitini mara tano si kazi nzito. Kama wamekataza zoezi fulani kwa jina, wapigieni waulizeni sababu.

Leo au kesho mpimeni vitu vitatu, muandike kwenye kalenda ya ukutani.

Kwanza, kiti cha kawaida chenye urefu wa kama sentimita 43 mpaka 45, kimegemezwa ukutani. Mikono aikunje kifuani. Hesabuni mara ngapi anasimama wima na kukaa ndani ya sekunde 30. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akishindwa kufika 10, miguu iko chini ya kiwango. Kwa mwanamme wa umri huo ni 12. Akilazimika kujisukuma kwa mikono, andikeni sifuri, na msihuzunike.

Pili, pigeni mstari mita 3 mbele ya kiti. Anasimama, anatembea mwendo wake wa kawaida hadi mstarini, anageuka, anarudi, anakaa. Sekunde 12 au zaidi maana yake yuko kwenye hatari ya kuanguka.

Tatu, asimame kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwengine, nyinyi mko ubavuni bila ya kumshika. Asipofika sekunde 10, mizani ya mwili ni dhaifu.

Leteni majibu hapa.

#3 Mzalendo_Mkoani

Mimi sikubaliani na haraka hii. Mtu mzima ametoka safari ya ndege mbili au tatu, mwili umefunguliwa kwa mafuta siku 21, halafu kesho yake mnamsimamisha na kumkalisha? Wazee wetu wamefanya kazi umri wao wote. Mwacheni wiki apumue.

#4 Fizio_Chake

Ami, siku mbili za kulala vizuri baada ya safari hazina ubaya na hata mimi ningempa. Wiki nzima ndiyo tatizo, kwa sababu haibaki wiki. Wageni wanamalizika, unaingia msiba wa jirani, inaingia mvua, na mzee amekwishazoea kuletewa kila kitu pale alipo. Nafuu ya maji na mafuta hupungua pole pole, na wiki hizi za mwanzo ambazo haumwi ndizo atakazoweza kujenga paja bila ya mateso. Ukizisubirisha, utakuja kumfanyisha mazoezi akiwa anaumwa, na hapo atakataa.

Kumheshimu mzee ni pamoja na kumuacha ajichotee maji mwenyewe.

#5 Muuguzi_Mwera

Kabla ya mazoezi, mambo ya hatari. Nayaweka wazi kwa sababu ndiyo yanayopitwa.

Ametoka kwenye ndege. Tazameni mashavu ya miguu yote miwili, ile nyama ya nyuma chini ya goti. Amlodipine huvimbisha vifundo, lakini kwa kawaida huvimba miguu yote sawa. Ukiona mguu mmoja tu umevimba, una joto, shavu la mguu linauma ukilibonyeza, hilo linaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa. Msimkande, msimpake mafuta, msimwite mkandaji. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Donge likitoka hapo likaenda kwenye mapafu, linaua. Hatari hiyo inabaki wiki kadhaa baada ya safari ndefu, si siku ya kwanza tu.

Presha: mlazeni dakika 5, mpimeni. Asimame, mpimeni baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ana presha inayoporomoka akisimama. Hutokea sana kwa waliozoea maji moto na mvuke kila siku, kwa sababu mishipa inatanuka na maji ya mwili yanapotea kwa jasho, huku vidonge ni vile vile. Wengine hurudi wamepungua uzito na dozi ya zamani imekuwa kubwa kwao. Msipunguze vidonge wenyewe. Chukueni vipimo vya siku tatu, asubuhi na jioni, mumpelekee daktari wake.

Dawa za maumivu: anayetumia losartan asijinunulie diclofenac au ibuprofen dukani kila goti linapouma. Zinapandisha presha na kuzielemea figo, khasa akiwa hanywi maji ya kutosha. Paracetamol ni salama zaidi kwa wengi, isizidi gramu 3 kwa siku kwa mzee. Dawa ya kupaka ya diclofenac pia ni bora kuliko kidonge, lakini muulizeni daktari kwanza.

Na madafu! Najua kila anayekuja kumtazama anakuja na dafu. Dafu moja kubwa linaweza kuwa na gramu moja ya potasiamu, na losartan nayo inaizuia potasiamu isitoke mwilini. Mwenye figo nzima anaweza kunywa moja bila ya shida. Mwenye figo dhaifu madafu matatu kwa siku yanaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kama hajapimwa figo mwaka huu, apimwe.

Akifanya mazoezi aache mara moja akipata maumivu ya kifua, kupumua kwa tabu kusikotulia, kizunguzungu, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea.

#6 BintiMwanakwerekwe

Ahsanteni sana. Majibu: kiti mara 7 bila ya mikono. Mstari wa mita 3 sekunde 15. Kisigino kwa vidole sekunde 4 akashika ukuta. Presha akilala 142/80, akisimama dakika 1 ni 134/78, dakika 3 ni 136/80. Mashavu ya miguu yote sawa, vifundo vimejaa kidogo pande zote mbili.

#7 Fizio_Chake

Presha iko vizuri kwa kuanza. Hivi ndivyo ningempangia.

Siku tatu za nguvu kwa wiki, zisifuatane: Jumamosi, Jumatatu, Jumatano. Ijumaa mwachieni na mambo yake. Kutembea kila siku.

Zoezi kubwa ni lile lile la kiti. Kwa mara 7 za mtihani, aanze seti mbili za mara 5, apumzike dakika moja au mbili katikati. Kiti muweke mto mgumu kifike kama sentimita 50. Asogee mbele ya kiti, nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti, ainame mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, ndipo anyanyuke. Kukaa ahesabu moja, mbili, tatu. Hapo kwenye kukaa ndipo paja linapojengeka, na hapo ndipo karibu kila mzee hujibwaga. Kosa la pili ni magoti kuingia ndani yakagusana. Mfungeni kitambaa kilegevu juu kidogo ya magoti, mwambieni akisukume nje kidogo asikiache kianguke. Kila akifanya kwa urahisi, ongezeni mara moja. Akifika seti mbili za 10, punguzeni mto.

La pili, akiwa kitini anyoshe goti taratibu, asubiri sekunde 3, ateremshe. Mara 10 kila mguu, seti mbili. Wiki ya kwanza bila ya uzito. Ya pili nusu kilo, ya nne kilo moja kama goti limekubali.

Akisimama na kushika nondo za dirisha au meza nzito ya jikoni: kuinua visigino mara 10, seti mbili. Kisha kupeleka mguu pembeni mara 10 kila upande, mwili wima, vidole vya mguu vikitazama mbele. Akigeuza vidole nje anatumia msuli mwengine, na nyonga inabaki dhaifu.

Mizani ya mwili kila siku, dakika 3 zinatosha. Aanze miguu imeungana, sekunde 10. Halafu kisigino kando ya kidole gumba. Halafu kisigino mbele ya vidole. Asiende hatua ya mbele mpaka hii ameiweza mara tatu bila ya kushika. Mtu mmoja asimame upande wake na nyuma kidogo.

Kutembea: dakika 8 asubuhi na dakika 8 alasiri wiki ya kwanza. Ongezeni dakika 2 kila mwisho wa wiki kwa kila safari. Ikifika dakika 15 mara mbili kwa siku, siku 5, ndiyo dakika 150 za wiki ambazo Shirika la Afya Duniani limependekeza kwa wazee mwaka 2020. Pamoja na hizo wanataka mazoezi ya mizani na nguvu siku 3 au zaidi. Kasi iwe ile anayoweza kuzungumza lakini hawezi kuimba kaswida. Msihesabu mapigo ya moyo, kwani wazee wengi wana dawa zinazoyashusha na namba itawadanganya.

Kuhesabu mara 10: muwekeeni kete 10 za bao kwenye kikombe, kila mara moja anahamisha moja. Akisahau katikati ya mazungumzo, kete zinamkumbusha.

#8 Seremala_Wete

Kwa vifaa hebu nichangie.

Viti vyeupe vya plastiki visitumike kwa zoezi la kunyanyuka. Juu ya vigae miguu yake inatanuka na kuteleza, na vikikaa juani miaka vinapasuka bila ya taarifa. Kiti cha mbao cha miguu minne, mgongo ukutani, chini mkeka wa mpira. Busati linateleza na kukunjika, litoeni.

Kikiwa kifupi, msipange mito ya sponji, inazama. Mwambieni fundi akate miguu ya kuongezea ya sentimita 5, vipande vinne vyenye shimo ambavyo miguu ya kiti inaingia ndani sentimita 2 au 3. Vikiwekwa tu chini ya miguu bila ya shimo, kiti kitaruka.

Uzito wa mguuni: kitambaa cha drili au suruali kuukuu, shoneni mfuko wenye vyumba viwili, unakaa kama tandiko la punda juu ya kifundo, nusu mbele nusu nyuma, na ukanda wa kubandika. Mchanga wa pwani uosheni kwa maji yasiyo na chumvi mara tatu na muuanike mpaka ukauke kabisa. Chumvi ikibaki inavuta unyevu, kitambaa kinaoza na ngozi inawasha. Lita moja ya mchanga mkavu ni kama kilo moja na nusu, hivyo theluthi ya lita ndiyo nusu kilo yenu. Pimeni kwenye mizani ya duka.

Bakora: akisimama wima amevaa viatu, mkono umening'inia, kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Nyingi ninazoziona ni ndefu, mzee anatembea bega limepanda. Ashike mkono wa upande wa goti lenye nafuu, si upande wa goti baya. Mpira wa chini ukilika ukaonekana mti, badilisheni siku hiyo. Bakora tupu juu ya sakafu ya saruji yenye maji ni hatari kuliko kutokuwa na bakora.

Mkono wa ngazi: urefu sentimita 90 kutoka ukingo wa kidaraja, mti wa duara unene wa sentimita 4, uwazi wa sentimita 5 kutoka ukutani ili vidole vizunguke. Nyumba za mawe na chokaa plagi za plastiki hazishiki. Zinakaa mwezi halafu zinatoka na kipande cha ukuta mzee akiwa ameegemea. Toboeni sentimita 12, jazeni saruji pamoja na bolti, muiache siku 7 bila ya kuguswa. Au fungeni ubao mrefu kwanza kwenye fremu ya mlango, mkono uje juu yake.

Jengine dogo: kama mama anapenda kukuna nazi, mbuzi ya kawaida inamkunja goti kupita kiasi. Leteni ule ulimi wa chuma tuufunge kwenye kigoda cha sentimita 45. Atakuna kama kawaida yake, na kazi haitatoka mikononi mwake.

#9 BintiMwanakwerekwe

Hili la mbuzi limenifurahisha mno. Leo leo namtafuta fundi.

Mkandaji wetu anauliza, mafuta waliyomfungia kutoka huko aendelee kumkanda kila siku?

#10 Mkandaji_Makunduchi

Mkande, lakini baada ya zoezi au usiku, isiwe badala ya zoezi. Mara mbili tatu kwa wiki zinatosha. Dakika 10 kila paja, kutoka goti kwenda juu, na shavu la mguu kwa kiganja si kwa vidole gumba. Juu ya mfupa wa goti wenyewe usibonyeze. Nyuma ya goti kuna mishipa, pita kwa wepesi.

Mafuta ya karafuu safi yasipakwe peke yake, yanababua ngozi ya mzee kwani imekuwa nyembamba. Matone mawili au matatu kwenye vijiko vikubwa viwili vya mafuta ya nazi. Na ukimaliza, futa nyayo kwa kitambaa kikavu kabla hajakanyaga chini. Nyayo zenye mafuta juu ya vigae ndiyo mwanzo wa nyonga kuvunjika. Na aliyosema muuguzi kuhusu shavu la mguu mmoja kuvimba, wakandaji wote wayasome.

#11 Mtoto_wa_Shangani

Sisi wa Mji Mkongwe ngazi ni za kusimama na vidaraja havilingani. Mzee wa ghorofa ya pili afanyeje?

#12 Fizio_Chake

Kupanda, mguu mzima utangulie. Kushuka, mguu mbovu utangulie. Bakora iende pamoja na mguu mbovu. Miguu yote ikutane kwenye daraja moja kabla ya jengine mpaka afike mara 10 kwenye kiti. Mshikaji akae chini yake: mzee akipanda yeye yuko nyuma, akishuka yeye yuko mbele.

Msimfungie juu. Mzee anayeteremka mara moja kwa siku na kupanda mara moja amepata zoezi la paja ambalo hata kiti hakimpi. Akiacha kuteremka wiki tatu, hatateremka tena mwenyewe. Wekeni taa, ondoeni viatu na ndoo kwenye vidaraja, na ukingo wa kila daraja upakwe rangi nyeupe upana wa vidole viwili. Kandambili asivae ngazini. Kiatu chenye mkanda wa nyuma.

#13 Bi_Uani_Micheweni

Kinamama wengi hawapendi kwenda uwanjani kufanya mazoezi wakitazamwa, na vikundi vya asubuhi vya Maisara au vile vya siku ya mazoezi ya tarehe 1 Januari vina kasi isiyo yao. Fanyeni uani. Wakusanyeni watatu wanne wa rika moja, baada ya sala ya alasiri, kila mmoja na kiti chake, robo saa ya zoezi kisha kahawa. Mmoja akikosa wanampigia mlango. Hiyo ndiyo dawa ya kuacha acha, kuliko sisi watoto kumkumbusha, maana mtoto akikumbusha mara ya tatu inakuwa kero.

Na kazi za nyumbani zipangwe kwa akili. Kuchambua karafuu ni kukaa chini saa nzima nzima, magoti yanakaza. Mpeni kazi ya kuzigeuza juani kwenye jamvi, asubuhi kabla ya jua kuwa kali, anasimama, anatembea, anainama kidogo. Kama lazima achambue, akae juu ya kiti, na kila nusu saa asimame atembee mpaka mlangoni. Maji yake ya kunywa msiyaweke karibu yake, yawekeni chumba cha pili.

#14 Kijana_Jambiani

Vipi kuhusu bahari? Kama maji yamemsaidia, tunayo bure.

#15 Fizio_Chake

Ni nzuri, kwa masharti. Bahari yetu ni baridi kuliko birika la tiba, haitalegeza viungo vile vile, lakini inapunguza uzito, na mtu anaweza kutembea dakika 15 asizoweza nchi kavu. Maji ya kiunoni, kwenda mbele, kisha ubavu ubavu. Chagueni siku za maji mafu, mawimbi madogo. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kama mita 4, na upande wa mashariki yanarudi kwa kasi huku mzee yuko mbali na ufuko. Wawili waende naye, mmoja kila upande. Viatu vya plastiki vilivyofunga, kwa ajili ya miiba ya baharini na mawe. Mwenye sukari au kidonda mguuni asiende.

Kutembea ufukweni, iwe ni mchanga uliobanana baada ya maji kupwa. Mchanga laini wa juu unachosha mashavu ya miguu na kusokota kifundo. Na kwa kuwa ufuko una mteremko, aende na kurudi kwa masafa sawa, asilielemee goti moja.

Siku nyengine zote iwe nchi kavu. Bahari isichukue nafasi ya kiti.

#16 Muuguzi_Mwera

Chakula kidogo. Msuli haujengeki kwa chai na mkate. Mzee anahitaji kama gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, igawanywe kwenye milo yote. Mama wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina kama gramu 20 na kitu, yai moja gramu 6, bakuli la choroko au maharage yaliyopikwa gramu 14 au 15. Wengi wanakula samaki mchana tu, asubuhi na usiku hamna kitu. Ongezeni yai asubuhi na choroko usiku. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

Ramadhani: zoezi lihamie baada ya futari. Anayesali tarawehe rakaa 20 kwa kusimama na kusujudu amekwishanyanyuka mara nyingi, siku hiyo kiti kipumzike. Anayesali kitini ndiye anayepoteza nguvu mwezi ule, huyo aendelee na seti zake usiku. Wenye sukari wanaotumia insulini au glibenclamide wasifanye zoezi alasiri wakiwa wamefunga, sukari inaweza kuporomoka.

#17 Msafiri_Muscat

Kwa shangazi wa Rustaq. Maji ya chemchemi ya Ain Al Kasfah yana joto la kama nyuzi 45, ni ya moto sana kwa mwenye presha. Asizamishe mwili mzima. Aanze na miguu dakika 5, asizidi 10, atoke polepole, akae dakika chache kabla ya kusimama, anywe maji. Asiende peke yake.

La muhimu zaidi, apimwe vile vipimo vitatu kabla ya kuondoka, aanze zoezi la kiti sasa hivi akiwa Unguja, na aliendeleze huko huko. Atakayemfanyia tiba amuombe amwandikie zoezi kwa picha na idadi. Karatasi nyingi zinazorudi zimeandikwa "mazoezi mepesi" tu, na hiyo haimsaidii mtu yeyote.

#18 BintiMwanakwerekwe

Wataalamu, mama ameshamaliza wiki ya pili. Amefika seti mbili za 8, na kutembea dakika 10. Lakini leo asubuhi goti la kulia limejaa na kukunja ni tabu. Jana walikuja wageni, akasimama jikoni muda mrefu baada ya zoezi. Tuache?

#19 Fizio_Chake

Msiache. Angalieni kwanza: goti jekundu, la moto sana, homa, au hawezi kabisa kulikanyagia, hapo ni hospitali leo hii. Kama limejaa tu na linauma kidogo, ni mzigo umezidi.

Kanuni ya maumivu: wakati wa zoezi yasipite 4 kati ya 10, na kesho yake asubuhi yawe yamerudi pale yalipokuwa. Yakibaki au goti likivimba, mzigo ulikuwa mkubwa. Kwa mama, uliozidi ni jikoni juu ya zoezi, siku moja. Siku ya zoezi asikae jikoni kwa msimamo mrefu, au wageni wakija zoezi lisogee kesho.

Leo barafu iliyofungwa kwenye kanga, dakika 15, mara tatu. Kutembea ndani ya nyumba dakika 5 kila baada ya saa mbili, visigino anaendelea navyo. Zoezi linalofuata: mto wa kiti urudi juu, seti moja ya 5, kunyoosha goti bila ya uzito. Goti likiamka kavu kesho yake, zoezi la baada ya hapo seti mbili za 5, kisha mpande moja moja kama mwanzo. Vipimo vitatu mvirudie mwisho wa wiki ya 6 na ya 12, mlete namba hapa.